Mkorogo: Dhambi Si ya Wanawake Peke Yao

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), aliyemuumba mwanaadamu katika umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mkorogo unapokemewa mimbarini, wanaume hutikisa vichwa na wanawake huinamisha vyao. Swala ikimalizika, wapo miongoni mwa waliotikisa vichwa wanaokwenda kufungua maduka na kuuza makopo yale yale. Basi na isemwe leo bila kificho: mkorogo ni dhambi ya jamii nzima, na wa kwanza kuulizwa ni sisi tunaosimama safu ya mbele.

Uislamu haukuharamisha kujipamba. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anapenda uzuri, na amemwelekeza mwenye nywele azitunze. Liwa, dalia, hina, mafuta ya nazi na ya ufuta ni katika neema Zake. Kilichokatazwa ni kingine. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, tunaelezwa kiapo cha Shetani kwamba atawaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Na Suratul-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizi. Mkorogo umeyakusanya makosa yote mawili.

Kwani ndani ya makopo hayo mna nini? Mengi yamekutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hupenya ngozini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Steroidi huikondesha ngozi, ikachubuka upesi na kidonda kikachelewa kupona. Mwanamke wa Mbwara anayeshinda shambani hujivua kinga aliyovishwa na Mola wake dhidi ya jua, kisha hutoka na jembe lake juani! Kweli, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Lakini ni nani aliyemfundisha dada huyu kuichukia rangi yake? Kijana akitafuta mchumba, swali lake la kwanza ni kama binti ni mweupe. Mama naye humtakia mwanawe mke wa maji ya kunde. Mume humsifia mke wa jirani kwa weupe wake, mkewe akisikia, kisha hushangaa kukuta makopo chumbani. Hii ni jahilia iliyovaa kanzu. Mwaka wa 8 Hijria, Makkah ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) alimwamuru Bilal bin Rabah, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, aadhini juu ya Al-Kaaba mbele ya wakubwa wa Kikureshi. Na Suratur-Rum, aya ya 22, imeihesabu tofauti ya rangi zetu kuwa ni katika ishara za Allah. Tunaisoma ishara hiyo msahafuni, kisha tunaifuta usoni!

Mfanyabiashara naye hujitetea: "Nisipouza mimi, atauza mwingine." Hoja hiyo hata muuza pombe anayo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, bidhaa za Dar es Salaam huvuka Rufiji bila kusubiri kivuko, na sumu huvuka pamoja nazo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mkaguzi huenda asifike dukani kwako. Je, Allah ameghafilika?

Basi tufanye nini? Kwanza, wenye maduka watubie, wayaondoe makopo hayo leo. Pili, tuchague kwa elimu. Tusinunue kisicho na maelezo, na tukiona yameandikwa Mercury, Hydroquinone au Clobetasol, tukirudishe. Mwenye ngozi kavu atumie sabuni isiyo kali, kisha ajipake mafuta ya nazi au ya ufuta mwili ukiwa bado na unyevu. Mwenye ngozi ya mafuta apake kidogo. Kipodozi kipya kijaribiwe kwanza mahali padogo mkononi. Na dawa ya kulainisha nywele ikiwasha utosini, tusiambiane kuwa "inashika": inaunguza, na ioshwe mara moja. Tatu, aliyekwisha kudhurika asichekwe. Aende hospitali aeleze alichotumia, kwani kuacha ghafla steroidi zilizotumiwa muda mrefu nako kuna madhara. Nne, wanaume tuzisafishe ndimi zetu, na tuwasifu wake na mabinti zetu kwa rangi waliyopewa na Mola wao.

Ewe Mola wetu, turidhishe na ulivyotuumba, na utukinge na chumo la haramu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.