Getruda Ana Mkuki Mkononi

Na Mzee Kalamu

Mtajie mzazi kijana jina la Getruda uone atakavyocheka. Atakwambia hilo ni la mashangazi, la mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mwenye kitenge na rozari. Analidharau bure.

Kwa makabila ya kale ya Kijerumani, jina liliundwa kwa kuunganisha vipande viwili, na mabinti hawakubaguliwa. Hilda ni vita. Matilda ni nguvu na vita. Gertrude, ambalo kwetu limekuwa Getruda, lina "ger", yaani mkuki, na "trud", nguvu. Humo hamna ua wala asali.

Aliyelivumisha kwanza ni binti wa Pepin wa Landen, kigogo wa ufalme wa Wafranki katika karne ya 7. Wasifu wake wa kale unasimulia kwamba, akiwa bado mtoto, aliulizwa mbele ya Mfalme Dagobert kama angependa kuolewa na mwana wa mtawala mmoja. Binti akafoka, akaapa kwamba hamtaki huyo wala mwingine, ila Kristo. Baba alipofariki, wachumba waliendelea kumwandama, wengine wakiwa tayari kumteka. Mama yake, Itta, akashika mkasi akamkata nywele mtindo wa kitawa, mambo yakaishia hapo. Binti akawa mkuu wa monasteri ya Nivelles, katika Ubelgiji ya leo, akafariki mwaka 659. Baadaye waumini walimwomba awafukuzie panya, na siku hizi wapenda paka wamemfanya wao, ingawa Kanisa halikuwatuma.

Mwenzake wa Helfta, Ujerumani (1256–1302), aliandika kwa Kilatini maandiko ya sala yanayosomwa hadi leo, akaitwa Getruda Mkuu. Sikukuu yake ni Novemba 16.

Jijini Nairobi, hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilipewa jina la marehemu mke wa mlowezi Ewart Grogan, aliyetoa ardhi. Tanzania nayo ina Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Aliongoza mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 hadi watu wakamwita Mama Beijing, na mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Basi, mzazi utakayepata binti Novemba hii, usione haya kulipeleka jina hilo kwa padri.