Magazeti Hayakufunga Mpaka

Kila Tanzania na Kenya zinapokwaruzana, hotuba za kupatanisha hazikosi kifungu hiki: sisi ni ndugu, wanaotugombanisha ni waandishi wa habari. Wasomaji wengi wenye nia njema huitikia. Kisha hufuata ushauri kwamba mwandishi mzalendo amwandike jirani kwa staha, au anyamaze. Rai hiyo naipinga, kwa kuwa inamvua lawama aliyetoa uamuzi na kumtwisha aliyeutangaza.

Tuchukue mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia forodha barua ya kuzuia mara moja mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama kwenye mpaka wa Namanga na shehena zake. Barua ile haikuandikwa na gazeti lolote, wala hakuna mhariri aliyeamua kwamba wafanyabiashara wasipewe hata wiki moja ya kujipanga. Siku tano baadaye Kenya ililegeza, ikaweka masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yangeweza kutangazwa tangu mwanzo, na madereva wale wasingelala barabarani.

Waandishi wana deni katika kisa hicho, ila si hilo wanalodaiwa. Katika habari nyingi nilizosoma juma lile, za pande zote mbili, nilikosa maelezo ya sumukuvu yenyewe. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua takriban watu 20 Dodoma na Manyara. Kuvu wanaoitoa huota kwenye nafaka iliyowekwa ghalani kabla haijakauka vizuri, iwe Kibaigwa mkoani Dodoma au Kitui. Msomaji aliyeelezwa hayo angeona shida ya wakulima wa nchi zote mbili, na angeuliza serikali zote mbili zimefanya nini kuhusu maghala. Asiyeelezwa aliona tusi tu. Hapo kilichopungua ni habari.

Na wanaotamani magazeti ya kizalendo wafungue kurasa za miaka ya 1970. Tanzania ilikuwa na Daily News la serikali na Uhuru la chama, magazeti ambayo hayangeweza kushutumiwa kwa kwenda kinyume na viongozi. Je, yalilinda ujirani? Watu wa rika hilo wanakumbuka jinsi mabepari wa Kenya walivyoitwa manyang'au, na jinsi wakubwa wa Nairobi walivyojibu mapigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba ndugu walitenganishwa kwa amri ya serikali, wakati magazeti yakiimba wimbo wa serikali. Mwandishi anayeambiwa amtetee mwenye nyumba hawezi kumwelewa jirani, na siku wakubwa wakikasirika atakuwa wa kwanza kutukana.

Sikatai kwamba kuna vichwa vya habari vinavyoandikwa kwa ajili ya kuuza nakala. Oktoba 2017 Tanzania ilipochoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, yaliandikwa maneno ya kuchukiza, na mitandaoni zaidi. Lakini vifaranga vilikuwa vimekwisha kuungua.

Na mara nyingine kutangazwa ndiko kunakoponya. Januari 2024 mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilitoa tamko hadharani kwamba ndege za abiria za Kenya Airways zisitue Dar es Salaam kuanzia tarehe 22, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha kusafirisha mizigo. Habari ikaenea, mawaziri wa mambo ya nje wakapigiana simu, na suala likamalizwa kabla ya tarehe hiyo kufika.

Ninachokiogopa ni gazeti lisilovuka mpaka. The EastAfrican, lililoanzishwa 1994 kwa ajili ya kuandika kanda nzima, lilizuiwa kuuzwa Tanzania mwanzoni mwa 2015 kwa hoja ya usajili, baada ya kusomwa hapa takriban miaka 20. Magazeti mengine humkumbuka jirani siku ya ugomvi, na hapo hutegemea taarifa za wizara ya upande wao.

Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, imekiukwa. Mabishano hayo yaliandikwa vya kutosha. Lakini bei ya gunia kwa mkulima imepanda au imeshuka tangu mnunuzi wa Kenya azuiwe kufika shambani? Nani amechukua nafasi yake? Unga wa Nairobi umeguswa? Majibu yanahitaji mwandishi wa kukaa Kibaigwa msimu mzima, na mwenzake wa kuzunguka vinu vya Nairobi, wakipeana walichokiona. Nawaomba wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi wawalipie nauli watu hao wawili.