Je, Jini Lipo kwa Sababu Tunaliamini?



Wazazi wapendwa, juma lililopita mtoto mmoja wa madrasa hapa Mantapala aliniuliza: "Mwalimu, nikiacha kuamini majini, yataondoka?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana hata watu wazima huwaza hivyo. Wengine husema jini humpata anayeliamini tu, wengine husema humpata anayelikana.

Jibu langu ni kwamba imani ya mtu haiumbi kitu wala haifuti kitu. Sisi Waislamu twasadiki majini yapo kwa kuwa Allah ametuambia, na sura ya 72 ya Kur'ani imepewa jina lao. Lau dunia nzima ingeyakana, yangebaki. Vivyo hivyo, jambo la uzushi haliwi kweli kwa kuaminiwa na kijiji kizima.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha hilo siku ya msiba wake. Mwanawe Ibrahim alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Angenyamaza, sifa ingekuwa yake. Hakunyamaza. Baada ya kuwasalisha aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Basi imani hubadili nini? Hubadili tunayoyatenda. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na mgonjwa mmoja wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Popobawa hakukamatwa, lakini mtu yule alizikwa.

Hapa kwetu hofu hiyo ni degedege. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi sana. Mtoto akichemka mwili, akakakamaa na kugeuza macho, tunasema ameingiwa na shetani. Tunamkimbiza kwa mganga wa ramli, na bibi jirani anatajwa kuwa mchawi. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Mbu aliyeileta hakusubiri tumwamini, na mtoto huyo anaweza kufa katika saa chache. Tena, kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa katika sheria ya nchi hii tangu 1914, na mbele ya Allah ni dhulma.

Msinielewe vibaya, siikatai ruqya. Msomee mwanao Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nas, lakini msomee mkiwa njiani kwenda kliniki. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, na ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli kumuuliza, sala zake hazikubaliwi siku 40.

Yule mtoto nilimjibu: "Hayaondoki kwa kuyakana, wala hayaji kwa kuyaogopa. Soma Ayatul Kursi, kisha ulale ndani ya chandarua."

Wabillahi tawfiq.