Bei Isiwe Siri

Wanachama wenzetu, twafurahi kuona nyumba nyingi hazingojei tena msimu wa karafuu peke yake. Wako watengenezao sabuni za mdalasini na mchaichai, na wako wafungashao hiliki na pilipili manga, wakazitangaza kwa WhatsApp na Instagram. Jambo hili ni jema, ila namna litendwavyo latutia mashaka.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, ni kuficha bei. Mteja auliza, ajibiwa, "Njoo inboksi." Kwa nini? Sisi ambao karafuu zetu hulipwa kwa bei iliyotangazwa hadharani, na tukipunjwa kidogo huja juu, twawezaje kumfanyia mnunuzi siri? Mtu aliye Unguja au Muscat hatabembeleza. Atakwenda kwa mwingine. Andikeni bei, uzito, na nauli ya mzigo.

Tena kuna hizi picha za kuazima. Mmoja wetu alitangaza kwa picha ya sabuni za watu wa mbali, nzuri kweli kweli. Mzigo ulipofika, mteja akakuta vipande vilivyomeguka pembe, akalalamika chini ya tangazo lile lile, na wote wakasoma. Sabuni yake mwenyewe, ikipigwa picha asubuhi juu ya jamvi, ingalimtosha.

Na kudai kuwa sabuni yatibu sukari au presha ni uongo wa hatari: mgonjwa aweza kuziacha dawa zake.

Mwenye tangazo alitakalo litazamwe kabla ya kulitoa, na alilete kwa Katibu.