Kompyuta Isipayuke, Wala Isinyamaze Kabisa



Sisi wa Bweyeye tunaojifunza kuandika programu hutumia Gradle, chombo cha kuunganisha vipande vyake. Wako wapendao kukiamuru kwa --debug, mistari ikamwagika kiooni kama mvua ya Nyungwe, nao wakajiona mafundi. Kosa ni mstari mmoja, limezama humo, nani ataliona?

Wengine, kwa kuchoshwa na makelele, huandika -q. Hao nawapinga zaidi. Amri hiyo haizuii porojo tu, huficha hata maonyo. Na onyo la leo kwamba kitu fulani kitaondolewa ndilo kosa la toleo lijalo. Afadhali -w: maonyo na makosa hubaki, mengine hunyamaza. Maven nayo, ukiiambia -q, huonyesha makosa peke yake.

Basi --debug iwekwe kwa siku ya ugonjwa, nayo ielekezwe kwenye faili. Tena faili hilo lisomwe kabla ya kupelekewa mtu, maana wenye Gradle wenyewe wameonya kwamba maneno ya siri huweza kutokea humo.