Majani chai unapima, mbona mtandao wa nyumbani hupimi?

Ukifika kituo cha majani chai, iwe ni upande wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek, kuna kitu hutakiona: mkulima aliyegeuza mgongo wakati gunia lake liko kwenye mizani. Kila mtu macho yako pale. Uzito wa gunia ukikatwa, anauliza umekatwa kiasi gani. Risiti ikitoka anaisoma kwanza, ndipo anaikunja na kuitia mfukoni. Hebu karani ajaribu kusema, "Leo tuandike tu kama jana." Patachafuka hapo.

Sasa mkulima huyo huyo anarudi nyumbani jioni. Faiba inakaribia kuisha. Anatoa simu, anaweka nambari ya Paybill, nambari ya akaunti, kiasi, PIN. Ujumbe unaingia. Basi, amemaliza. Amenunua Mbps 20 za mwezi mzima, na hajawahi hata siku moja kuziweka kwenye mizani.

Maoni yangu ni haya: usipande kifurushi kikubwa zaidi, na usiseme unaibiwa, kabla hujapima. Najua ni ajabu kidogo kusoma hivyo kwenye blogu ya kampuni ambayo kazi yake ni kupitisha malipo. Lakini mteja anayelipia asichohitaji mwishowe hukasirika na kila mtu, sisi tukiwemo.

SMS inathibitisha pesa, haithibitishi huduma

Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, Wakenya tumezoea kuiamini SMS ya malipo, na ni vizuri. Ila ujumbe ule unasema jambo moja tu: pesa zimetoka kwako zikafika kule. Hausemi lolote kuhusu kilichorudi kwako.

Mimi mwenyewe nimelipia somo hili. Watoto walikuwa wakilalamika kila jioni kwamba video inakwama. Nikapanda kifurushi, shilingi 1,000 zaidi kwa mwezi. Ikakwama bado. Nililipa hivyo miezi saba. Siku moja jirani anayejua mambo ya kompyuta alipita kwa shughuli nyingine, akauliza ruta iko wapi. Ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya TV, kando ya ukuta wa mabati. Akaitoa, akaiweka juu ya rafu katikati ya nyumba. Video zikatulia usiku huo huo. Shilingi 7,000 zilikuwa zimeenda, na hakuna aliyeniibia. Sikuwa nimepima.

Shilingi 1,000 kwa mwezi ni 12,000 kwa mwaka. Chukulia kilo moja ya majani inakuletea shilingi 25 mwisho wa mwezi. Hizo ni kilo 480, mtu amezichuma kwa mkono, kwenye umande na mvua, akazibeba mgongoni. Si pesa za kutupa kwa kubahatisha.

Kwanza ujue unanunua nini

Kifurushi kinapoandikwa "Mbps 20", hizo ni megabiti kwa sekunde. Faili zako, picha na filamu, hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 1,000 itachukua kama sekunde 400, yaani karibu dakika saba, hata kila kitu kikiwa sawa kabisa. Watu wengi huona ile 2.5 kwenye kompyuta wakadhani wamepunjwa. Hawajapunjwa. Ni kama kuchanganya kilo na ratili.

Pia angalia lile neno "hadi". Hadi Mbps 20 maana yake ni kiwango cha juu. Ukipata 18 au 19, hilo si jambo la kugombania. Ukipata 6 kila siku, hapo kuna mazungumzo.

Halafu kumbuka kasi hiyo inagawanywa. Simu tano, TV mbili na laptopu ya mtoto anayesoma Chuo Kikuu cha Kabianga, zote zinakula kwenye sahani moja. Na kama nenosiri la Wi-Fi lilishapewa ploti nzima, basi unalisha kijiji.

Jinsi ya kuweka mtandao kwenye mizani

Huhitaji fundi. Unahitaji dakika kumi na uvumilivu kidogo.

Tumia programu ya Speedtest ya Ookla, au fungua Fast.com, ambayo ni ya Netflix. Zote ni bure. Kama unapima kwa simu, zima data ya simu kwanza, la sivyo unaweza kupima bando lako, na kulimaliza, badala ya kupima faiba.

Pima mara mbili kwa njia mbili. Ya kwanza, chomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo. Hiyo ndiyo mizani ya kweli, kwa sababu inaondoa Wi-Fi kwenye hesabu. Kama huna laptopu wala kebo, simama na simu mita moja au mbili kutoka kwa ruta, bila ukuta katikati. Ya pili, nenda pale unapokaa kila siku, chumbani au jikoni, upime kwa Wi-Fi. Wakati wa kupima, wengine nyumbani wapumzike kidogo na video zao.

Kipimo kimoja hakitoshi, kama vile siku moja ya kuchuma haikuambii shamba linatoa nini. Pima asubuhi, mchana, na saa mbili au tatu usiku. Rudia siku tatu. Kila mara piga picha ya skrini ili tarehe na saa zibaki.

Utaona namba tatu. "Download" ni kasi ya kushusha vitu kuja kwako. "Upload" ni ya kupeleka, na ndiyo inayokuangusha ukiwa kwenye mkutano wa video au ukituma faili za kazi. "Ping" ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde, na ikiwa ndogo ni bora. Mtu anaweza kuwa na "download" nzuri, lakini "ping" iko juu, na simu ya video bado inakatakata.

Kusoma majibu

Kwa kebo ni nzuri, kwa Wi-Fi ni mbaya? Kosa liko nyumbani kwako. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mabati hurudisha mawimbi, kuta za mawe huyapunguza, na tangi la maji huyazuia. Toa ruta kabatini, iweke juu, katikati ya nyumba. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi mbili: ya 2.4 GHz inafika mbali lakini ni ya polepole, ya 5 GHz ina kasi lakini inashindwa na kuta. Ukiwa karibu na ruta tumia ya 5. Badilisha nenosiri uone ni vifaa vingapi vitarudi kuomba. Hakuna kifurushi kinachoweza kutibu ruta iliyofichwa.

Mchana ni nzuri, usiku inaporomoka hata kwa kebo? Huo kwa kawaida ni msongamano. Watu wamerudi nyumbani, wote wanatazama. Hiyo ni kazi ya mtoa huduma, si yako, na kupanda kifurushi huenda kusisaidie, kwa sababu barabara ile ile bado imejaa.

Ni mbaya wakati wote, hata kwa kebo? Zima kisanduku cha faiba na ruta, subiri nusu dakika, washa tena, upime upya. Jaribu kebo nyingine. Ikibaki hivyo, piga simu kwa mtoa huduma.

Hakuna mtandao kabisa? Tazama taa za kisanduku. Ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako. Kuzima na kuwasha mara kumi hakutasaidia. Huku kwetu, mvua na upepo vikiangusha mkaratusi juu ya nyaya zilizopita kwenye nguzo, ndivyo inavyokuwa. Angalia tu kama waya ule mwembamba haujakunjwa sana nyuma ya kochi, maana faiba ikikunjwa kwa pembe kali hupoteza mwanga. Usiuchomoe na usichungulie ncha yake kwa jicho.

Na tovuti moja tu ndiyo nzito, zingine ziko sawa? Huenda tatizo liko mbali nawe kabisa. Sehemu kubwa ya mtandao wa Kenya na nchi za nje hupita nyaya za chini ya bahari zinazoingilia Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na mtandao ukalegea Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hata fundi bora wa Bomet hana la kufanya.

Neno moja kuhusu radi. Kericho tunaijua mvua ya mawe na ngurumo za alasiri. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, lakini ruta yako imechomekwa kwenye stima. Ngurumo zikianza kukaribia, chomoa.

Wakati kosa ni lao

Ukishapima siku tatu, una kitu mkononi. Usipige simu kusema "mtandao wenu ni mbovu." Sema: "Nalipia Mbps 20. Kwa kebo, saa mbili usiku, siku tatu mfululizo nimepata kati ya 4 na 6. Nina picha." Omba nambari ya lalamiko, uiandike. Kama mtandao ulikatika siku kadhaa, uliza kama utaongezewa siku hizo. Ambatanisha SMS ya malipo, kwa sababu inaonyesha ulilipa tarehe gani na kiasi gani. Kwa hivyo usifute SMS hizo.

Usiposikilizwa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, lakini hutaka kwanza uwe umelalamika kwa mtoa huduma. Ndiyo maana ile nambari ya lalamiko ni muhimu. Na usijione kama unaomba msaada. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo.

Na tafadhali, mtandao ukisumbua usiwe mlango wa matapeli. Mtu akikupigia kusema yeye ni fundi wa faiba na umtumie "kitu kidogo" kwa nambari yake ili akurudishie kasi, kata simu. Malipo ya huduma yapitie Paybill uliyopewa rasmi, na jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha liwe la kampuni unayoijua. PIN haimrekebishii mtu mtandao. Hakuna fundi anayeihitaji.

"Lakini mimi si mtu wa kompyuta"

Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Wengine husema kazi ya kupima ni ya kampuni, mteja amelipa, atulie. Nakubali nusu. Kampuni ndizo zenye vifaa na mafundi. Ningependa siku moja SMS ya mtandao iwe kama risiti ya kituo cha majani: si shilingi ngapi zimeingia tu, bali pia kasi gani imefika nyumbani kwako mwezi huu. Hilo wateja tuendelee kulidai.

Lakini mpaka lije, mwenye shamba ndiye hukaa kando ya mizani. Mzee asiyejua kusoma vizuri bado anajua namba ya gunia lake, kwa sababu ni jasho lake. Kupima mtandao ni rahisi kuliko kuchuma. Ni kubonyeza mahali pamoja na kusubiri nusu dakika. Kama kuna mtoto wa sekondari nyumbani, mpe kazi hiyo, atafurahi.

Basi fanya hivi. Ukipata ujumbe kwamba kifurushi kinaisha baada ya siku tatu, usikimbilie PIN. Tumia siku hizo tatu kupima asubuhi, mchana na usiku. Siku ya kulipa ikifika, utajua kama unalipa kama kawaida, unapanda, unashuka, au unapiga simu kwanza. Pesa ni zako, na PIN ni yako.