Ujira na Mlango wa Nyumba



Mkono mtupu haulambwi. Mithali hii twaijua sote, na wenye viwanda na makampuni wameijua kuliko sisi, kwani hapana kazi iendeshwayo siku nyingi kwa maneno matamu pasipo ujira wa kutosha. Walakini liko swali la pili ambalo mithali hii hailijibu, nalo ndilo tulitakalo kulizungumza mwezi huu. Tajiri ampapo mtu ujira, huwa amenunua nini kwake? Amenunua saa zake za kazi na ustadi wa mikono yake, au amemnunua yeye mwenyewe pamoja na nyumba yake?

Ili tupate kulitazama swali hili vizuri, na tuiangalie khabari ya kampuni moja ya Marekani ambayo jina lake limeandikwa juu ya motokaa nyingi duniani. Kampuni ya Ford ilianzishwa katika mji wa Detroit mwaka 1903. Mwaka 1908 ilitoa motokaa iitwayo Model T, iliyokuwa madhubuti na ya bei nafuu, na watu wakaitaka kuliko kampuni ilivyoweza kuitengeneza. Mwaka 1910 kazi ikahamishiwa katika kiwanda kikubwa cha Highland Park, na hapo Henry Ford na mafundi wake wakawa hawana fikra ila moja: vipi motokaa nyingi zitapatikana kwa muda mchache.

Zamani motokaa ilisimama mahali pamoja, na mafundi ndio waliokuwa wakiizunguka, huyu akileta chombo hiki na yule kile, mpaka ikakamilika. Mwaka 1913 mambo yakageuzwa. Motokaa ndiyo iliyotembea, ikivutwa polepole katika safu ndefu, na mtu ndiye aliyesimama. Kila mmoja akapewa tendo moja tu: huyu kutia msumari wa parafujo, yule kuukaza, na wa tatu kufunga gurudumu. Kazi ya kuunga kiunzi cha motokaa, iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu za mtu mmoja, mwaka 1914 ikawa haizidi saa 1 na dakika 33.

Bila ya shaka mageuzi hayo yalikuwa ni ushindi mkubwa wa akili. Lakini mwenye kugeuza kazi humgeuza na mfanya kazi, na jambo hili aghalabu husahauliwa. Mtu aliyekuwa fundi, mwenye kujua mwanzo wa kitu na mwisho wake, sasa alisimama mahali pamoja akirudia tendo lile lile kutwa nzima, na mwendo wa kazi hakuupanga yeye bali uliupangwa na mnyororo. Fahari yake ilikwisha. Tena alijua kwamba kazi yake yaweza kufunzwa kwa mtu mwingine kwa muda mchache sana, na kwa hivyo akiondoka leo hatakumbukwa kesho.

Basi watu wakaondoka. Hawakugoma wala hawakupiga kelele. Waliondoka tu, mmoja mmoja, wakenda kutafuta kazi kwengine. Katika mwaka 1913 kampuni ililazimika kuandika watu zaidi ya 50,000 ili kuweka watu wapatao 14,000 kazini. Na kila siku, katika kila watu kumi, mmoja hakuonekana. Na kila mgeni anayeingia sharti aonyeshwe kazi, na mpaka azoee ataharibu vyombo na kuichelewesha safu nzima. Khasara hiyo haikuandikwa katika daftari, lakini ilikuwa ikila faida kama mchwa alavyo boriti.

Wakubwa wa kampuni wakaanza kutengeneza. Mnamo Oktoba 1913 msimamizi wao mmoja, John R. Lee, alipewa kazi ya kuchungua malalamiko. Aliona kuwa watu wafanyao kazi moja walilipwa mishahara mbali mbali, na kuwa manyapara walikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kwa hasira tu. Vile viwango vingi vya mishahara vikapunguzwa vikawa vinane, kila kimoja kwa kadiri ya ustadi, na nyapara akanyang'anywa uwezo wa kufukuza. Mtu asiyefaa mahali pamoja alijaribiwa kwanza mahali pengine. Hayo yalikuwa ni matengenezo mema, na makampuni mengi ya leo yangali hayajayafikia.

Kisha, tarehe 5 Januari 1914, Henry Ford na mweka hazina wake James Couzens waliwaita waandishi wa magazeti wakawatangazia jambo lililoishangaza nchi nzima. Mfanya kazi aliyekuwa akipata dola 2 na senti 34 kwa saa 9 za kazi, sasa angepata dola 5 kwa saa 8. Khabari zikaenea kama moto wa makuti. Watu kwa maelfu wakaja kusimama mlangoni mwa kiwanda katika baridi kali ya Januari, wengine wametoka miji ya mbali, na nafasi hazikuwako za kuwatosha. Fujo ilipoingia wakamwagiwa maji kwa mipira ya kuzimia moto, nguo zikawagandia mwilini. Hivyo ndivyo mahitaji yalivyo: ahadi ya mtu mmoja yaweza kuwasimamisha maelfu katika baridi.

Lakini, ndugu msomaji, zile dola 5 hazikuwa mshahara wote. Mshahara ulibaki ni ule ule wa dola 2 na senti 34. Dola 2 na senti 66 zilizozidi ziliitwa fungu la faida, na fungu hilo hakulipata ila aliyestahili. Wanawake hawakuhisabiwa mwanzoni. Kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 22 hakupewa, isipokuwa awe na watu wanaomtegemea. Na huyo mwanamume mzima naye alitakiwa athibitishe kuwa aishi maisha mema, na mwenye kuamua maisha mema ni yepi alikuwa ni kampuni.

Kwa ajili hiyo ikaundwa idara khasa ya wachunguzi. Walikwenda majumbani, pamoja na wakalimani, wakauliza: Je, umeoa? Mkeo yu wapi? Watoto wako wangapi na wasoma wapi? Umeweka akiba kiasi gani? Walevya? Nyumba yako ni safi? Umepangisha wageni wangapi? Majibu yakaandikwa na kuwekwa. Aliyeonekana hafai alizuiliwa fungu lake mpaka ajirekebishe, na asiyejirekebisha mwisho wake alifukuzwa.

Yatupasa tuwe waadilifu tusimdhulumu hata tusiyekubaliana naye. Ziko familia zilizonufaika. Walipatikana watu walioacha ulevi, wakaweka akiba, wakanunua nyumba, wakaepushwa na walanguzi waliokuwa wakiwalaghai wageni wasiojua lugha ya nchi. Kampuni ilifungua skuli ya kuwafundisha wageni Kiingereza. Na kwa upande wa kampuni, manufaa yalionekana upesi. Watu waliacha kuhama, utoro ukapungua sana, na faida, ambayo mwaka 1914 ilikuwa yapata dola milioni 30, mwaka 1916 ilifika dola milioni 60. Ford mwenyewe baadae alikiri kuwa kuongeza ujira ni katika njia bora alizopata kuzitumia za kupunguza gharama. Maneno hayo na wayatie masikioni matajiri wote wanaodhani kuwa kila senti apewayo mfanya kazi ni senti iliyopotea.

Walakini tazameni upande wa pili. Katika mwezi ule ule wa Januari 1914, Wayunani na Warusi wafuatao kalenda ya zamani walikaa majumbani kusherehekea sikukuu yao ya kuzaliwa Nabii Isa, inayoangukia siku kumi na tatu baada ya ile ya Wakristo wengine. Watu mia nane au tisa wakafukuzwa kazi kwa hilo. Waislamu nao walikuwako katika kiwanda kile, waliotoka Sham na Uturuki na nchi nyinginezo, na mwaka 1921 msikiti ulijengwa huko huko Highland Park, si mbali na kiwanda. Hatuhitaji kuelezwa basi hali ya mtu ambaye riziki yake imo mkononi mwa tajiri asiyeihisabu ila sikukuu yake mwenyewe.

Na lile fungu halikudumu kuwa kubwa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipandisha bei za vitu, dola 5 zikawa hazinunui zilichokuwa zikinunua, na mwaka 1919 zikafanywa dola 6. Miaka miwili baadae idara ya wachunguzi ikavunjwa. Lakini desturi ya kumchungua mfanya kazi haikuvunjika. Iligeuka sura ikawa ni ya wapelelezi na walinzi wenye mabavu. Mwezi Mei 1937 walinzi hao waliwapiga viongozi wa chama cha wafanya kazi karibu na kiwanda cha River Rouge, mbele ya wapiga picha wa magazeti. Kampuni ilikubali kutia saini mapatano na chama hicho mwaka 1941, baada ya mgomo. Wale waliopewa wasichokiomba mwaka 1914 walikuwa sasa wanadai kwa mkataba.

Siri ya yote hayo ni hii: kinachotolewa kama hisani chaweza kurudishwa, na mwenye kukitoa hujiona ana haki ya kuuliza kimetumiwaje. Ama ujira wa haki hauna deni la shukrani ndani yake. Mtu ameuza kazi yake, amelipwa, wamekwisha. Dini yetu imeamrisha mwajiriwa apewe ujira wake bila ya kucheleweshwa, na imekataza kuingia nyumba ya mtu pasipo hodi na idhini, na kupeleleza aibu za watu. Amri hizo mbili zapasa kuwekwa pamoja. Kwani ile ya kwanza haikutolewa iwe bei ya kuivunja ya pili.

Vijana mnaokwenda kutafuta kazi, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni na masharti yake: lipi ni la haki lisilozuilika, na lipi ni la hiari ya mkubwa? Mtafunzwa ustadi utakaobaki nanyi, au mtapewa tendo moja la kurudia? Siku ya Idi na saa ya sala zina nafasi gani? Nanyi mlio wakubwa wa kazi, mkitaka kugeuza utaratibu, wakumbukeni wale ambao mageuzi hayo yatawapunguzia kitu, muwaambie mapema na muwafidie kwa haki, msingoje mpaka waanze kuondoka.

Na mwisho, tusidhani kuwa khabari hii ni ya wenye viwanda tu. Wengi wetu ni matajiri majumbani mwetu. Yuko mtumishi apikaye, yuko binti aleaye watoto, yuko mzee alindaye mlango. Je, ujira wao tumeuweka wazi, au twawapa nguo kuukuu na chakula kilichobaki kisha tukaviita wema? Je, twafungua mizigo yao wakitoka, na kuwauliza waendako siku yao ya mapumziko? Kila mwenye kumlipa mwenziwe na ajiulize mambo haya usiku wa leo, kabla ya mwisho wa mwezi haujafika.

Wabillahi tawfiq.